Rejista, Gredi ya Sita

Jumatatu, saa mbili kasoro, Njiru bado ina ukungu,
naita Bradley Musembi.
"Niko, mwalimu," kutoka kona
alikobanwa kati ya dirisha na mabega ya wenzake,
dawati moja, watoto wanne, daftari magotini.
Bradley: konde pana.
Nimelisoma usiku katika kitabu kisicho na jalada,
shilingi hamsini, juu ya gunia, nyuma ya soko la Gikomba,
na tangu hapo siwezi kuita rejista kama zamani.

Shirley Nafula.
Shirley?
Konde angavu. Leo halijapambazuka.

Stanley Lekishon: konde la mawe.
Hili halikuhitaji kitabu.
Baba yake anachonga mawe machimboni kule chini
na vumbi humfuata mtoto mpaka kwenye kola.

Clifford Onditi: kivuko chini ya genge.
Huvuka mto kila asubuhi juu ya ubao mmoja,
viatu mkononi.

Ashley Wanjugu ndiye aliyenitoa jasho.
Alifungua kamusi mwenyewe, akakuta jivu,
akalia mapumziko yote.
Nikamwambia si jivu la jiko, ni mti,
mti mrefu wa huko kwao, mipini ya shoka hutoka humo,
nao watu walifyeka kando yake wakajenga.
"Umewahi kuuona?"
Sijauona.
"Basi unajuaje si jivu?"

Ikabidi niweke chaki chini.
Sikilizeni, nikasema.
Hakuna mtu wa Konde Pana
aliyeitwa Konde Pana akiwa Konde Pana.
Kule walimjua: Wili, yule mwenye kikohozi.
Ila siku alipofunga mzigo,
iwe njaa, iwe deni, iwe binti wa watu,
akashukia mji wa wageni,
akaulizwa: Wili gani? Hapa wamejaa.
Wili wa Konde Pana.
Karani akaandika, wino ukakauka,
na wajukuu wakarithi
jina la mahali wasipojua hata njia yake.
Baadaye jina likapanda meli, likapanda cheo,
likapigiliwa kwenye kibao cha barabara hapa hapa mjini,
likang'olewa,
na mama yake Musembi akalisikia kwenye runinga
akiwa na mimba ya miezi minane.
Aliniambia mwenyewe, siku ya wazazi:
lilikuwa na mlio wa mtu mwenye gari.

Musembi akainua mkono.
"Mwalimu, mimi Krismasi nikienda Mwingi
binamu zangu hawaniiti Bradley.
Hata Musembi hawaniiti.
Wananiita Nairobi.
Nairobi, shika kamba. Nairobi, mbona unamkimbia ndama?"

Darasa likavunjika kwa kicheko.
Lekishon peke yake hakucheka.
"Nairobi ni maji baridi," akasema, kama anayejibu swali la hesabu.
"Nyanya yangu anasema.
Ng'ombe walikuwa wakinywa hapa."
Clifford akatazama viatu vyake.

Nikachukua penseli, nikaandika pembeni,
mkabala na jina la kwanza: *wa Maji Baridi*.
Nikafuta. Mkaguzi anakuja Alhamisi,
na rejista ni mali ya serikali.
Lakini karatasi ni nyembamba,
ukiinamisha kwenye mwanga bado yanasomeka.

Hodi mlangoni. Shirley,
soksi moja, begi limefungwa kwa kamba ya katani,
sufuria ndogo imechungulia kwenye zipu.
Ulimi wangu ukatangulia, kwa mazoea,
na lile swali la karani:
"Wewe, unatoka wapi?"

"Tumehama, mwalimu. Jana usiku.
Sijui bado kunaitwaje."